Mita Moja na Nusu

Miaka arobaini na mitatu nilibeba maziwa
kutoka mazizi ya Hokkaido hadi kiwandani,
tangi limejaa, barabara imeganda barafu,
na sikuwahi kumwaga hata kikombe.
Nayasema haya mapema
ili mjue aliyekosea ni nani.

Ilikuwa Aprili, wiki ya kwanza ya shule.
Theluji ya mwisho imejikunyata kandokando ya njia,
nyeusi kama shuka la gereji.
Kinue amenituma tofu na dawa yake ya presha.
Penye njia panda ya kiwanda cha sukari
pana kibao chekundu, pembetatu iliyosimama kichwa chini,
na mstari mweupe ninaoujua tangu haujapakwa rangi.
Nilikuwa nawaza nini?
Viazisukari.
Kama tupande tena robo eka, au tuache.

Niliona kofia kwanza.
Ya manjano, ya darasa la kwanza, imemzidi kichwa,
na mkono umenyooshwa juu, wima,
kama walivyofundishwa:
tazama kulia, tazama kushoto, kulia tena.
Yeye alikuwa ametimiza yote.
Mwenye deni nilikuwa mimi.

Breki.
Gari likaguna, likateleza, likasimama
mita moja na nusu kupita mstari.
Nilipima kwa hatua. Jioni nikarudi, nikapima kwa kamba.

Mtoto alivuka. Wala hakukimbia.
Alipofika ng'ambo aligeuka, akabana miguu pamoja,
akainama
mpaka begi la mgongoni likamwangukia kisogoni,
akanishukuru.

Nimetukanwa na madereva wa malori ya magogo.
Nimepigiwa honi na mabwana wa Sapporo wenye haraka zao.
Hakuna lililowahi kunichoma
kama shukrani ile.

Nilirudi nyumbani bila tofu.
"Hakuumia?" Kinue akauliza.
"Hakuumia."
"Basi."
Basi ni neno zuri la kufungia mlango,
lakini usiku kucha lilinigonga kwa ndani.

Husemwa ajali haina kinga.
Nimeusema msemo huo mwenyewe, matangani,
nikiwa nimeshika bakuli la chai, nimeinamisha uso.
Sasa nauliza: kinga haikuwa mguu wangu wa kulia?
Haikuwa pale, juu ya pedali,
ikisubiri nimalize kupanda viazi?

Konstebo Nakadai ni kijana;
maziwa aliyokunywa shuleni niliyabeba mimi.
"Kuna aliyelalamika?"
"Hakuna."
"Gari limebonyea? Kuna damu?"
"Hakuna."
"Sasa mzee Shigeo, niandike nini?"
"Andika mita moja na nusu."
Akaigeuza fomu, mbele, nyuma.
Hapakuwa na kisanduku cha hilo.

Sheria ni msumeno, sawa,
lakini msumeno haujishiki wenyewe mpini.
Nikaitoa leseni, nikaisukuma juu ya meza.
Mtu wa pichani alikuwa na nywele nyingi
na macho ya kujiamini sana.
Nakadai aliishika kwa mikono miwili,
kama mtu anayepokea majivu.

Kwenda dukani kwa miguu ni dakika arobaini,
kurudi ni hamsini, kwa sababu ya tofu.
Kinue ananung'unika juu ya mvua, na ana haki.
Gari tumempa mpwa wake wa Obihiro.
Nilipomkabidhi funguo nilimweleza habari za klachi,
nikaanza kumweleza habari za mstari,
nikaona anatazama saa.

Leo asubuhi, pale pale kiwandani,
lori la maziwa lilikuja likimeta.
Nilinyoosha mkono. Bega langu bovu, lakini nilinyoosha.
Kulia, kushoto, kulia tena.
Lori likasimama kabla ya mstari, vizuri,
hata nafasi ya kupita paka ikabaki.
Nikavuka.
Nikageuka, nikabana miguu, nikainama.

Dereva alipungia mkono, akaondoka.
Sijui alikuwa akiwaza nini.